Zamu ya Kwanza au Kipa wa Kpandroma

Mwaka ule tulishika mkia, na mkia una faida yake. Katika ligi ya wanawake ya mitaa ya Bunia, timu iliyomaliza ya mwisho ndiyo inayochagua kwanza. Nitaeleza polepole, kwa sababu nimekutana na watu wengi wanaopenda mpira ambao hawajawahi kujiuliza timu hutoka wapi.

Kila likizo kubwa, wasichana wanaotaka kuanza kucheza huitwa kwenye uwanja mmoja. Hugawiwa jezi za kuchanganywa, wakacheza asubuhi nzima kwa kupokezana, na sisi makocha tunakaa kwenye mabenchi yaliyoazimwa shuleni tukiwatazama. Jua likipanda tunachagua kwa zamu. Aliyeshika mkia anaanza, bingwa anamaliza. Msichana akiitwa, anavuka mstari wa kati na kwenda kusimama nyuma ya kocha wake mpya. Hiyo ni njia ya kulea. Unapata mtoto asiyejua hata pa kusimama, unamfundisha, na baada ya misimu kadhaa unakuwa na beki.

Njia nyingine ni mchezaji huru. Sisi tunamwita libre. Huyu amekwisha kukomaa kwingine, sasa hana timu, anakuja na viatu vyake mkononi. Unampa jezi, anaingia uwanjani siku hiyohiyo. Darasani, maana mimi ni mwalimu wa jiografia kabla ya kuwa kocha, huwaambia wanafunzi kwamba tofauti ni ile ya kulima viazi na kununua viazi. Ukilima, unaujua udongo. Ukinunua, unaliona umbo tu, na lazima ukate ndipo ujue ndani kukoje.

Zamani timu zenye wakubwa nyuma yao zilikuwa zinakusanya wachezaji huru wote na kutuachia sisi wengine watoto. Makocha tukakubaliana sharti moja: timu ikichukua libre, inaacha zamu yake ya kwanza ya kuchagua. Huwezi kununua na kulima kwa siku moja. Tunafikiri ni haki, ingawa kila mwaka kuna anayelalamika.

Basi mwaka ule kipa wetu aliolewa Butembo. Tulimwimbia, tukamsindikiza hadi kwenye gari, tukarudi mtaani kwetu Mudzipela tukatazamana. Tulikuwa na zamu ya kwanza mkononi na lango tupu.

Siku chache baadaye, mvua ilipokuwa imetoka tu kuacha, mwanamke mmoja alikuja pembeni mwa uwanja wetu wa mazoezi akiwa na glavu kwapani. Nilimtambua kwa sura. Alikuwa anauza viazi na maharage sokoni kwetu, vitu vilivyoteremshwa kutoka Kpandroma, kule milimani. Alikuwa mrefu, mabega mapana, na alisubiri hadi nilipomaliza kuongea na wachezaji ndipo akasogea.

“Madamu, nasikia hamuna kipa.”

“Nani amekuambia?”

“Soko yote inasema.”

“Weye ulikuwa unacheza wapi?”

“Kpandroma.”

“Na timu yako?”

“Haiko tena.”

“Haiko namna gani?”

Akainua mabega. “Uwanja iko. Magoli iko. Watu njo hawako. Walitawanyika.”

Sikuuliza zaidi. Kwetu hakuna anayehitaji kuelezwa jinsi watu wa mahali wanavyotawanyika. Nikamwambia aingie langoni.

Kapteni wetu, beki wa kati mwenye maneno makali na mguu mzito zaidi ya maneno yake, alimpigia penalti. Akaipangua. Kapteni akapiga nyingine upande wa pili. Akaidaka. Wengine wakajaribu kutoka mbali, kutoka karibu, mpira wa juu, mpira wa chini uliojaa tope. Baadhi iliingia, si mingi. Yule mwanamke hakurukaruka wala kupiga kelele. Alikuwa anafika tu mahali mpira unapokwenda, kama mtu aliyeagizwa kuupokea.

Kapteni alikuja kwangu akifuta uso kwa jezi. “Madamu, huyu iko muzuri sana,” alisema, kwa sauti ya mtu aliyekuta nyama ndani ya mboga ya sombe ambayo hakuiwekea nyama.

“Si ni vizuri?”

“Muzuri hivi, na hana timu? Juu ya nini?”

Swali hilo ndilo lililotukalia kwa wiki zote zilizofuata. Lazima nieleze desturi yetu, la sivyo mtu atafikiri tulikuwa na roho mbaya. Kwetu mchezaji haachi timu kama abiria anavyoshuka kwenye pikipiki. Kapteni wa timu ya zamani huja naye, humshika mkono, na kuuweka mkono ule katika mkono wa kapteni mpya mbele ya watu. Anasema neno moja: tumemwachilia. Hapo ndipo mtu anakuwa libre kweli. Anayekuja peke yake, bila mkono wa kumtoa, ama alitoroka, ama alifukuzwa, ama ametumwa. Hatujui sababu ya nne.

Mwenyekiti wetu, ambaye sote tunamwita Prezida, anauza ndoo na mabeseni. Alihamia Bunia kutoka kule Butembo miaka mingi iliyopita, na aliingia katika timu kwa kuwa binti yake aliwahi kuichezea. Ni mtu mwema. Lakini amefanya biashara muda mrefu, na biashara imemfundisha kugonga kila beseni kwa kidole kabla ya kulipokea.

“Madamu,” aliniambia dukani kwake, “mi nimeulizauliza. Kuna mwenye anasema alichezea watu ya dhahabu kule Kilo, akalipwa, akaachia mechi ipite.”

“Nani anasema?”

“Watu.”

“Watu gani?”

“Kama ningekuwa najua watu gani, ningekuambia jina. Na glavu yake? Umeona? Anaitembeza kwapani hata sokoni. Hakuna mwenye anaigusa. Ndani iko nini?”

“Vidole, Prezida.”

Hakucheka. “Chunga. Zamu ya kwanza tumeipata kwa machozi ya mwaka muzima. Usiitupe juu ya mutu mwenye hatujui alitoka namna gani.”

Nilimwendea yule mwanamke sokoni. Nilinunua viazi kwanza, maana si adabu kumjia mtu mezani kwake na maswali matupu. Katika mji wetu, kumwuliza mtu anatoka wapi si jambo dogo. Tumezoea kuliuliza kwa kupitia mambo mengine, na siku ile nililiuliza kwa kupitia mpira.

“Timu yenu yote ilipotea? Hakuna hata mmoja yuko hapa Bunia, mwenye anaweza kuja kukuachilia?”

Alichukua kiazi kimoja juu ya fungu, akakigeuza, akakirudisha.

“Wako,” alisema.

“Basi mulete mmoja.”

“Siwezi, Madamu.”

“Juu ya nini?”

“Siwezi tu.” Kisha akaniangalia machoni. “Madamu, tangu nitoke kule sijalinda goli. Nikikosa na mwaka huu, ni basi. Mikono inasahau. Mi sitafuti kitu ingine kwenu. Munipe goli tu.”

Niliondoka na viazi vyangu nikiwa nusu namwamini na nusu nahesabu maneno yake. Kama wako, kwa nini hawezi kuwaleta? Mtu mwenye shahidi halafu hamwiti, si ndiye tunayemwogopa zaidi kuliko asiye na shahidi kabisa? Ninawafundisha watoto kwamba ukosefu wa habari si habari. Ni rahisi kulisema hilo mbele ya ubao.

Jambo likazidi kuharibika kwa sababu ya kocha wa timu ya ng’ambo ya mto. Ni mwanamume mcheshi, anayesalimia mtaa mzima. Wao walikuwa wamemaliza juu yetu kidogo tu, kwa hiyo zamu yao ya kuchagua ilikuwa ya pili. Alinipita barabarani akiwa nyuma ya pikipiki, akamgonga dereva begani asimame.

“Madamu! Ule kipa ya Kpandroma, muchukue! Mutanishukuru!”

“Weye unamujua?”

“Mi? Apana! Nasikia tu!” Na pikipiki ikaondoka.

Nilipomsimulia Prezida, alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa akashika kichwa. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Tukimchukua libre, zamu ya kwanza inawaangukia wao. Kocha yule alikuwa anatusifia kiazi ili ashike jembe letu. “Adui akikuonyesha barabara, weye pita mu majani,” alisema. Nami nilikiri kwamba safari hii hoja yake ilikuwa nzito.

Siku ya kuchagua ilifika bado hatujaamua. Na hapa kuna jambo jingine la kueleza, nalo ni la kuchekesha, ingawa siku ile hatukucheka sana.

Kila mtaa una mabinti wake unaowalea tangu utotoni. Sharti linasema wote lazima wapite kwenye uchaguzi, na timu yoyote inaweza kuwachukua. Sasa ufanye nini ili wengine wasimchukue binti yako? Unamwambia acheze vibaya. Zamani walifanya hivyo wachache. Mwaka ule ugonjwa ulikuwa umeenea uwanja mzima. Niliona mshambuliaji akipiga ardhi badala ya mpira. Niliona msichana akijikwaa kwa miguu yake mwenyewe, kisha akageuka haraka kumtazama kocha fulani, kama anayeuliza: ilikuwa sawa? Mpira ulikaa katikati ya uwanja ukizungukwa na watu ambao kila mmoja alitaka mwenzake ndiye auguse.

Matokeo yake ni kwamba makocha tulikuwa tumeanza kutazama mambo kinyume. Anayecheza vizuri tulimwona ni mtoto asiye na mwenyewe. Anayecheza vibaya tulimshuku kuwa hazina ya mtu. Na anayecheza vibaya kabisa, huyo kila mmoja alimwandika moyoni.

“Yule!” Prezida alininong’oneza, akiniminya mkono. Alikuwa anamwonyesha kwa kidole msichana mrefu aliyesimama langoni. “Yule njo kipa yetu.”

“Prezida, mpira umempita katikati ya miguu.”

“Njo vile! Weye umeona ulivyokuwa polepole? Mutu anaweza kukosa mupira kama ule bila kufundishwa?”

“Anaweza. Mimi naweza.”

“Weye ni mwalimu ya jiografia. Huyu amefichwa. Nimemuona kocha ya ng’ambo anamuangalia, halafu anaangalia pembeni. Umeelewa? Anaangalia pembeni!”

Nikasema nitajaribu kitu. Kipa wa kweli anaweza kuudanganya mguu wake, lakini ni vigumu kuidanganya mikono isipojiandaa. Wasichana walipokwenda kupumzika ukutani, nilipita karibu na yule mrefu nikiwa na mfuko mdogo wa maji ya kunywa, nikamrushia ghafla bila kusema neno. Ulimpiga kifuani ukapasuka.

“Aii! Madamu! Nimekukosea nini?”

Nilimwomba radhi, nikampa maji mengine kwa mkono safari hii. Aliniambia kwamba hajawahi kucheza langoni. Mama yake mdogo alimwomba asimame pale kwa kuwa pale hapana kusukumana. Nilirudi kwa Prezida nikamweleza yote, maneno na maji.

Alitikisa kichwa kwa heshima kubwa. “Unaona? Ata mwili yake wameifundisha.”

Hakuna kitu ambacho msichana yule angeweza kufanya kikamtoa katika macho ya Prezida. Angedaka, angekuwa kipa. Ameshindwa kudaka, amekuwa kipa mjanja. Nikatazama ng’ambo ya uwanja. Yule mwanamke wa Kpandroma alikuwa amesimama nje ya mstari, glavu kwapani, kati ya wauza mandazi na watu wa kawaida waliokuja kuangalia. Kwake pia tulikuwa tumefika hapo. Akicheza vizuri, kwa nini hana timu? Akicheza vibaya, si tulisema? Akisifiwa na jirani, ni mtego. Akikosa wa kumsifu, ni mkimbizi wa makosa yake. Kapteni wangu alikuwa kando yangu, nikamwuliza kwa sauti ya chini, “Ukitoa yote yenye watu wanasema, ukaacha yenye uliona weye mwenyewe, umeona nini?”

Akafikiri. “Nimeona alidaka penalti yangu.”

Msimamizi wa uchaguzi, mzee aliyekuwa mwamuzi zamani, akapuliza filimbi na kuita mtaa wetu kwanza. Nikasimama.

“Mudzipela inaacha zamu yake,” nikasema. “Tunachukua libre.”

Uwanja ulivuma. Prezida alitoa sauti ndogo kama mtu aliyekanyagwa. Yule mwanamke akavuka mstari, akaja kusimama mbele ya mzee.

“Nani anamuachilia?” mzee akauliza.

Akazungusha macho uwanja mzima.

“Timu yake ya zamani iko wapi?”

“Haiko, muzee,” alisema yeye.

“Mi sikuulizi kama iko. Nakuuliza nani anakuachilia. Bila mukono, hakuna libre. Desturi ni desturi.” Kisha akanigeukia, bila ubaya, kama anayesoma kanuni. “Na zamu, Madamu, mumeshaiacha mbele ya wote.”

“Wametukula,” Prezida alisema nyuma yangu. “Wametukula wazima wazima.”

Kocha wa ng’ambo alikuwa tayari amesimama, mikono mfukoni, akisubiri zamu yetu imwangukie. Nikamtazama yule mwanamke nikitumaini kwamba sasa, angalau sasa, angemtaja mtu. Alikuwa ameinamisha uso. Hakumtazama yeyote, na nikaona kwamba kutotazama kule kulikuwa kazi. Alijizuia asigeuze kichwa upande mmoja.

Upande ule, kivulini mwa ukuta, walikuwa wamekaa wachezaji wakubwa wa timu ya ng’ambo wakila mandazi. Mmoja wao akasimama akipangusa mafuta kwenye kaptula. Nilimfahamu vizuri. Alikuwa mshambuliaji wao, mfupi, mwenye mbio, aliyetufunga msimu uliopita kila tulipokutana.

“Weye! Unaenda wapi?” kocha wake akapaza sauti.

“Choo, kocha.”

“Choo iko huku!”

Hakugeuka. Alitembea hadi mbele ya mzee, akaushika mkono wa yule mwanamke.

“Muzee, mi njo nilikuwa kapteni ya Kpandroma,” alisema. “Timu haiko. Kapteni iko.”

Akamvuta mwenzake hadi kwa kapteni wetu, akauweka mkono juu ya mkono, akaubana kidogo. “Tumemuachilia.”

“Weye una akili?” kocha wake alikuwa amefika, hana tena uchangamfu wake wa barabarani. “Unawapa kipa mwenye atakuzuia weye mwenyewe!”

“Nitamufunga tu, kocha. Namujua.”

Watu wakaangua kicheko, mzee akapuliza filimbi, ikawa imekwisha. Zamu ya kwanza ikaenda ng’ambo. Na kocha yule, akiwa bado na hasira, bila kufikiri zaidi, alinyoosha kidole na kumwita msichana mrefu wa langoni, yule wa maji. Alikuwa amemwona Prezida akimnyooshea kidole asubuhi yote.

“Nilikuambia!” Prezida alilia. “Nilikuambia alikuwa muzuri!”

Tukiwa njiani kurudi, kipa alinieleza bila kuulizwa. Rafiki yake, yule mshambuliaji, alifika Bunia mapema, akapata timu, akapata mahali. Angetoka kumtetea, kocha wake angemweka benchi. “Yeye aliniambia, ‘Nitaje.’ Mi nilikataa. Yeye tayari iko na goli ya kufunga. Nimupotezee juu ya nini?” Maelezo yalikuwa mazuri. Niliyapokea. Lakini Prezida, aliyekuwa anatembea upande wangu wa pili, alingoja hadi kipa alipotangulia.

“Umesikia ile neno? ‘Namujua.’ Mushambuliaji yao njo anatupa kipa. Madamu, mi nimeuza vitu tangu ujana. Mutu hakupi kitu muzuri akiwa upande ya pili ya meza.”

Nilikuwa na imani, lakini imani si jibu, na yeye alijua tofauti.

Mechi yetu na timu ya ng’ambo ilikuja mapema katika msimu. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, uwanja umelainika, mpira unazidi kuwa mzito kila ukiviringika. Prezida hakukaa benchini. Alisimama nyuma ya nyavu zetu na mwavuli, akitazama, si mchezo, bali vidole vya kipa wetu.

Sisi wengine hatukuwa tofauti sana, nitasema ukweli wa mechi ile kama ulivyokuwa. Beki akibanwa, jambo la kawaida ni kumrudishia kipa mpira. Kipa anauona uwanja mzima. Yeye ndiye mwenye nafasi na wakati. Mabeki wetu hawakumrudishia hata mara moja. Hawakuwa wameambizana. Kila mmoja, alipofika mahali pa kurudisha, aliupiga mpira nje, kwenye mahindi ya jirani, na kapteni ndiye aliyepiga zaidi. Mwenye mahindi alitutukana hadi akachoka.

Kabla ya mapumziko, mshambuliaji yule mfupi alitokea upande wa kulia akapiga shuti la kawaida. Mpira uliteleza, kipa wetu akaufikia, mikono miwili, ukapita katikati ya glavu kama samaki. Goli.

Yule mshambuliaji hakushangilia. Alimwendea kipa, akainama, akamwambia maneno mafupi katika lugha yao ya nyumbani. Kipa akaitikia kwa kichwa. Uwanja mzima uliona.

Wakati wa mapumziko kapteni hakunywa maji. “Alikuambia nini?”

“Nipanguse glavu. Zimelowa.”

“Njo hiyo tu?”

“Njo hiyo.”

“Hmm,” Prezida alisema. Kisha, kwangu, kando: “Mutoe. Weka yeyote. Weka ata mimi.”

Nilimtazama kipa. Alikuwa anazipangusa glavu kwa majani makavu, kidole kwa kidole, na hakujitetea. Mtu aliyeuza mechi angeweza kufanya hivyo hivyo. Mtu mwaminifu pia. Nimefundisha miaka mingi, na nimezoea kwamba nikieleza jambo kwa utaratibu hatimaye linakaa wazi. Hili halikukaa. Kwa hiyo sikulieleza.

Nilimvuta kapteni pembeni. “Yenye waliongea, sijui,” nilimwambia. “Sitajua kamwe, na weye hutajua. Nakuambia kitu kimoja nachojua. Kila mpira uliopiga kwenye mahindi, wao ndio waliourusha ndani. Umewapa mpira kipindi kizima kwa mkono wako. Hakuna msaliti angeweza kuwasaidia zaidi ya hivyo.”

Aliniangalia kwa hasira. Akarudi uwanjani akifunga kamba ya kiatu huku anatembea.

Mechi ile tulipoteza. Niseme sasa, ili mtu asisubiri muujiza. Goli lile moja lilitosha. Lakini katika kipindi cha pili mpira mmoja mrefu ulidondoka nyuma ya mabeki wetu, na kapteni akaukimbilia akilitazama lango letu wenyewe. Yule mshambuliaji mfupi alikuwa mgongoni mwake, anapumua karibu na sikio lake. Kushoto kulikuwa na mahindi. Kapteni aliyatazama mahindi. Niliona mguu wake ukijiandaa, ule mguu mzito, na nikaona ukisita, kisha akaugusa mpira kwa upande wa ndani ya kiatu, taratibu, moja kwa moja kwa kipa.

Nyuma ya nyavu, Prezida naye aliacha kutazama vidole.

Kipa hakuharakisha. Aliusimamisha kwa mguu, akamwachia rafiki yake amkimbilie hadi karibu kabisa, kisha akausukuma upande wa kulia, kwa beki ambaye hakuwa ametarajia kitu na nusura aukose. Mpira ukatoka. Ukapanda juu, mbali na lango letu, miguuni mwa watu wetu, kwa mara ya kwanza siku ile.

Kapteni alikuwa anarudi nyumanyuma kuelekea mahali pake, uso kwenye mchezo, hamtazami kipa.

“Ukiniharibia mupira kama ule siku moja,” alimwambia, “nitakufuata mpaka Kpandroma.”

“Najua, yaya,” kipa akajibu, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa.

“Basi sema, nikiwa peke yangu. Piga kelele. Nitakusikia.”

Na dakika hiyohiyo mpira ulipotupotea tena katikati ya uwanja, kipa wetu akaanza kupiga kelele, akiwaelekeza mabeki.